Pangani au Usambara? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Likizo ya Pwani na ya Kijijini Mkoani Tanga

Mkoa wa Tanga humtia mtu kwenye mtihani mtamu. Mji mkongwe wa pwani kama Pangani na vijiji vya Milima ya Usambara vimo ndani ya mkoa mmoja, ila ukifika huku na ukifika kule utadhani umevuka nchi. Majibu haya ni ya mtu mwenye siku tatu hadi wiki mbili, awe anatoka Dar es Salaam, Arusha, Mombasa au Nairobi, au anarudi nyumbani mara moja kutoka ughaibuni.

## Mambo ya msingi

Tofauti hasa ni nini, ukiacha bahari na milima?

Pangani ni mji mdogo kwenye mdomo wa Mto Pangani, kilomita zipatazo 50 kusini mwa jiji la Tanga. Ardhi ni tambarare, joto na unyevu ni vingi, na ratiba ya siku inapangwa na maji kupwa na kujaa. Fukwe zinazosifiwa zaidi ziko nje ya mji: nyingine kaskazini, nyingine ng'ambo ya mto, hasa Ushongo, kilomita kama 16 kusini.

Usambara Magharibi ni milima ya mashamba. Lushoto, mji wa wilaya, uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo njia zinatawanyika kwenda vijiji kama Irente, Rangwi, Mambo na Mtae. Kule siku inapangwa na ukungu, magari ya alfajiri na miguu yako mwenyewe. Pwani unaweza kukaa siku nzima pasipo kufanya lolote na ukaridhika. Kijijini, asiyependa kutembea huanza kuhesabu mabati siku ya pili.

Nianze kuamua kwa kuangalia nini?

Tarehe. Wengi huanza na picha, wakachagua kisiwa cha mchanga mweupe, halafu wakafika Mei maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa. Angalia kwanza mwezi unaosafiri, kisha mwezi wa angani kama unakwenda pwani (tazama swali la bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), kisha watu unaofuatana nao. Bei iwe ya mwisho, kwa sababu tofauti yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Nafikaje kwa basi?

Kwenda Lushoto kutoka Dar, mabasi ya moja kwa moja huondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, mengi yake asubuhi. Njia ni Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu kilomita 33 za kupanda kupitia Soni. Tenga siku nzima. Ukikosa la moja kwa moja, panda basi lolote la Moshi au Arusha, shuka Mombo, na hapo utapata Hiace au teksi ya kuchangia. Usifike Mombo usiku kama unaweza kuepuka: magari ya kupanda hupungua na bei ya teksi hupaa.

Kwenda Pangani, fika Tanga, stendi ya Kange, kisha chukua Coaster au daladala ya Pangani. Kwa fukwe za ng'ambo utavuka mto kwa kivuko na kumalizia kwa bodaboda, bajaji au gari la loji. Barabara ya Tanga–Pangani na daraja la Mto Pangani ni sehemu ya mradi mkubwa wa barabara ya pwani hadi Bagamoyo, kwa hiyo muulize mwenye loji hali ilivyo wiki hiyo. Maelezo ya mwaka juzi hayakufai.

Kwenda vijiji vya mbali kama Mtae na Mambo, mabasi hutoka kijijini alfajiri na kurudi kutoka Lushoto mchana. Ndiyo maana mtu aliyepanga kwenda Mtae asubuhi na kurudi jioni kwa basi hukwama. Panga kulala.

Siku ngapi zinatosha?

Pangani, usiku tatu: mmoja wa kufika, siku moja ya kisiwani, siku moja ya mto na mji. Lushoto peke yake, usiku mbili hadi tatu. Ukitaka kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae ukilala njiani, tenga siku tatu hadi tano. Wikiendi ya Ijumaa hadi Jumapili kutoka Dar haifai kokote kati ya huku kuwili, kwani siku mbili kati ya tatu zitaishia kwenye basi.

## Majira, mawimbi na ukungu

Mwezi gani niende wapi?

Januari na Februari kokote kunafaa. Upepo wa kaskazi unavuma, bahari ni safi lakini joto la pwani ni kali. Milimani mchana kuna jua zuri na matunda bado yapo sokoni. Asiyestahimili joto apande.

Machi mwishoni hadi Mei ni masika. Tazama swali lake hapa chini.

Juni hadi Agosti ni kusi. Pwani inapoa, usiku unalala vizuri bila feni, lakini bahari inachafuka, upepo ni mwingi mchana na mwani hurundikana ufukweni. Ni msimu mzuri wa kukaa pwani na msimu mbaya wa kutazama samaki chini ya maji. Milimani ndiyo baridi yenyewe, na ukungu unaweza kuziba bonde mpaka saa 5 asubuhi.

Septemba na Oktoba ni miezi bora ya milima: njia kavu, anga safi, na kwenye genge (ukingo mkali wa mlima) la Irente unaona tambarare ya chini hadi macho yachoke. Oktoba ikielekea Novemba pepo zinabadilishana na kuna siku za matlai, bahari inatulia kama sinia. Kama una uhuru wa kuchagua mwezi kwa ajili ya bahari, chagua huo. Vuli hunyesha kuanzia Oktoba mwishoni hadi Desemba, lakini mara nyingi ni mvua ya saa chache, si ya kukufungia ndani siku nzima.

Bamvua na maji mafu vinanihusu nini mimi mgeni?

Vinakuhusu kuliko utabiri wa mvua. Katika pwani hii, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika mita tatu na zaidi. Ufukwe uliouona kwenye picha ukiwa na maji ya bluu hatua kumi kutoka kwenye kiti, saa sita baadaye ni tambarare ya mchanga, miamba na mwani, na bahari imeondoka mamia ya mita.

Kuhesabu si kazi ngumu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi wa Kiislamu: siku chache kuanzia mwezi kuandama, na tena kuanzia tarehe 14 au 15 mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja unafika maji mafu, ambapo mambo yamegeuka: maji yanajaa karibu saa 4 asubuhi, lakini hayajai sana wala hayapwi sana.

Kwa hiyo, kama familia inataka kuogelea asubuhi baada ya chai, chagua wiki ya maji mafu. Kama mnapenda kutembea mwambani asubuhi mkitazama viumbe kwenye madimbwi na kuogelea alasiri jua likipoa, chagua bamvua. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Hijria inatosha kwa kupanga, na saa kamili muulize nahodha.

Baridi ya Lushoto ni kali kweli, au watu wa Dar wanatia chumvi?

Ni ya kweli. Joto hupungua kwa nyuzi zipatazo 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tanga ikiwa nyuzi 32 mchana, Lushoto huenda ikawa 23 au 24, na Mambo au Magamba chini ya hapo. Usiku wa Julai unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na nyumba nyingi hazina kipasha joto zaidi ya blanketi. Kinachowaumiza wageni zaidi ni unyevu: nguo iliyofuliwa jioni haikauki, na viatu vikilowa leo utavivaa vibichi kesho.

Beba sweta zito, koti la mvua, soksi jozi tatu na kofia ya kulalia kwa mtoto. Kanga moja au shuka la Kimasai havitoshi Julai, hata kama picha zinapendeza.

Nikipata likizo masika tu, niende wapi?

Pwani, lakini mjini, si fukwe za mbali. Njia za udongo za milimani huteleza kama zimepakwa sabuni, mawe na udongo huweza kuporomoka kwenye kona za Soni, na matembezi yote yanayokuleta kule yanakuwa mateso. Pwani nayo si bora sana: mto unamwaga tope baharini, safari za boti zinaahirishwa na baadhi ya loji hufunga kwa ukarabati. Faida ni bei kushuka. Omba punguzo bila aibu.

## Pesa na malazi

Wapi ni nafuu?

Chumba na chakula ni nafuu kijijini. Lakini angalia kinachokula pesa baada ya hapo. Pwani ni boti: hukodishwa kwa safari nzima, si kwa kichwa, hivyo watu sita hulipa karibu sawa na wawili. Mkiwa wawili, mwambieni mwenye loji awaunganishe na wageni wengine, na muwe tayari kusubiri siku moja. Milimani ni mwongozaji na ada za msitu, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kwa mtu na kwa siku, hivyo kundi kubwa halipati nafuu hiyohiyo. Kwa ufupi, watu wawili hutumia kidogo zaidi milimani. Kundi la sita au nane pengo hilo huzibika.

Ada za hifadhi za bahari na misitu hutofautiana kwa raia wa Tanzania, watu wa Afrika Mashariki na wageni wengine, na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Beba kitambulisho halisi. Picha ya kitambulisho kwenye simu imewalipisha watu bei ya mgeni.

Nimuulize nini mwenye loji kabla sijatuma pesa?

Bei ni ya chumba au ya mtu? Chai ya asubuhi imo? Kodi ya ongezeko la thamani imo au inaongezwa mwisho? Maji ya moto ni ya umeme, ya jua au ya ndoo? (Ya ndoo si dhambi, ila ujue.) Kuna jenereta umeme ukikatika? Pwani ongeza: chandarua kipo na hakina matundu, feni ipo, na kwa saa hizi za maji ufukwe unaogeleka? Milimani ongeza: blanketi ngapi kwa kitanda, na gari dogo linafika mlangoni?

Tangu 2025 bei za bidhaa na huduma nchini Tanzania zinatakiwa kutajwa kwa shilingi. Ukiandikiwa kwa dola, omba ya shilingi. Tuma malipo ya awali kwa namba ya biashara iliyosajiliwa kwa jina la loji, na jina likitokea kwenye simu ni la mtu binafsi asiyefahamika, piga kwanza.

Nitapata benki na mtandao?

Lushoto na Pangani mjini kuna mashine za kutolea pesa, ila zinaishiwa pesa au mtandao, hasa siku za gulio na mwisho wa mwezi. Ushongo, Mtae na Mambo tegemea wakala wa simu na noti ulizobeba. Chenji ni shida ya kudumu: beba noti za 1,000 na 2,000 kwa bodaboda na gengeni. Intaneti ni ya kuaminika mijini. Mabondeni hukatika, kwenye migongo ya milima hurudi.

Naweza kulala kwa wenyeji badala ya gesti?

Ndiyo, na milimani ndiyo njia bora ya kuona maisha yenyewe. Pitia ofisi ya waongozaji Lushoto au mwenyeji unayemfahamu, na ukifika ujitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Mgeni asiyejulikana akilala kijijini bila taarifa, mwenyeji wake ndiye anayeulizwa. Rangwi kuna nyumba ya masista inayopokea watembea kwa miguu, ni safi na ina utulivu wake. Zawadi inayopokelewa vizuri ni sukari, majani ya chai, mafuta ya kula na sabuni. Malipo mpatane siku ya kwanza, msingoje kuaga.

## Afya na watu unaofuatana nao

Nina watoto wadogo. Wapi pazuri?

Chini ya miaka mitano, pwani kwenye maji mafu. Mtoto anachimba mchanga, analala mchana, anarudi kuchimba. Safari ya Mombo hadi Lushoto ina kona nyingi na watoto hutapika. Kama mnapanda, kaeni viti vya mbele, msiwape maziwa wala soda kabla ya kupanda, na muwe na mfuko wa karatasi mkononi (mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019). Wa miaka minane na kuendelea hufurahia milima zaidi, maana kuna vinyonga wenye pembe, mbega na maporomoko.

Wazazi wetu ni wazee. Wanaweza?

Magoti ndiyo yanayoamua. Pangani ni tambarare, unaweza kumtembeza mzee kando ya mto jioni pasipo ngazi. Lushoto hata kwenda dukani ni kupanda na kushuka. Mzee mwenye miguu mizuri lakini asiyestahimili joto apelekwe milimani Septemba, achukuliwe chumba cha chini, na Irente aende kwa gari. Urefu wa milima hii si wa kuleta ugonjwa wa kukosa hewa mlimani.

Kuna ugonjwa wa kunifanya nisipande au nisiteremke?

Mwenye selimundu asipelekwe milimani Juni hadi Agosti. Baridi na upungufu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu makali, na hospitali kubwa iko mbali. Mwenye pumu ajihadhari na ukungu wa asubuhi na moshi wa kuni majikoni. Hawa wote pwani inawafaa zaidi, ila wanywe maji mengi kwa sababu ya joto.

Malaria ni hoja ya pwani. Milimani juu mbu ni wachache, lakini Mombo na Korogwe, mnakopita au kulala njiani, wapo wa kutosha. Mjamzito, mtoto mdogo na mtu aliyeishi Ulaya au Ghuba miaka mingi waonane na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari. Aliyezaliwa Tanga akakaa Muscat miaka kumi hana tena kinga aliyokuwa nayo. Homa ikianza siku 7 au zaidi baada ya kufika, hata kama umesharudi, pima siku hiyohiyo.

Hospitali za wilaya zipo Lushoto na Pangani. Jambo kubwa zaidi hupelekwa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Tanga mjini.

## Ukishafika

Safari ya kisiwa cha Maziwe hupangwaje?

Maziwe ni fungu la mchanga na matumbawe kusini-mashariki mwa Pangani, na ni hifadhi ya bahari. Zamani kilikuwa na miti. Mmomonyoko ukaimaliza, na leo hakuna hata kivuli kimoja. Bamvua ikijaa kisiwa hufunikwa chote au karibu chote. Ndiyo sababu nahodha anakuharakisha asubuhi, si kwamba ana haraka ya kwenda nyumbani.

Siku za bamvua ondokeni saa 2 asubuhi maji yakipwa, mfike kisiwa kikiwa kipana, mtazame matumbawe karibu na saa 4, na muwe mmeondoka kabla ya saa 8 mchana. Mbali na maji kujaa, upepo wa mchana huinua mawimbi na safari ya kurudi inakuwa ya kulowa. Siku za maji mafu kuna uhuru zaidi, ila mchanga unaoonekana ni mdogo.

Beba maji lita 2 kwa kila mtu, fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo (mgongo huungua ukiwa umeinama majini na hujui hadi usiku), mwavuli, na raba za kuingilia majini. Kabla ya boti kusukumwa, hesabu jaketi okozi kwa idadi ya watu na uvae lako, usilikalie. Muulize nahodha kama ana simu yenye chaji na mafuta ya akiba. Kombe na matumbawe hayachukuliwi, hata yaliyokufa.

Naweza kuogelea Pangani mjini?

Mdomo wa mto, hapana. Mkondo wa maji kupwa unaungana na wa mto na kuvuta kuelekea baharini, na juu mtoni kuna mamba. Ogelea kwenye fukwe zilizo mbali na mdomo, maji yakiwa yanajaa. Kuna miiba mirefu myeusi ya viumbe wa mwambani na taa (samaki bapa wenye mwiba mkiani) waliojifukia mchangani: vaa raba, na buruza miguu badala ya kuinua. Ukichomwa na taa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa dakika 30 na zaidi huku ukipelekwa hospitali.

Milimani ni lazima niwe na mwongozaji?

Lushoto hadi Irente, kilomita tano na ushee, si lazima: fuata barabara na uulize njia. Genge halina ukuta, kwa hiyo mkono wa mtoto usiuachie. Msitu wa hifadhi ya Magamba unahitaji kibali na mwongozaji. Safari ya siku nyingi hadi Mtae, hata kama si lazima, mchukue: njia za mashambani zinagawanyika kila baada ya mita mia, na wazee wa vijijini wengi huzungumza Kisambaa kwanza. Jifunze angalau salamu. "Onga maundo" asubuhi hufungua mlango ambao "habari za asubuhi" huugonga tu.

Mpatane kabla: siku ngapi, chakula cha nani, nauli yake ya kurudi inalipwa na nani. Hilo la mwisho ndilo huleta maneno.

Chakula kikoje?

Pwani ni samaki wa kupaka, wali wa nazi, pweza, vitumbua vya asubuhi. Agiza samaki mapema, mchana agiza wa usiku, kwa sababu hununuliwa mashua zikirudi. Anayeagiza saa 2 usiku hupewa aliyebaki. Milimani ni ugali, maharage, makande, viazi, kabichi na mnavu, vyote kutoka shamba la jirani. Desemba hadi Februari kuna plamu, mapichi na mapeasi. Nyama choma ipo Lushoto, ila usitegemee samaki.

Ramadhani mikahawa mingi ya huku na kule hufunga mchana. Loji hupika, lakini usile barabarani. Baada ya magharibi Pangani ni wakati wake mzuri kuliko mwaka mzima.

Nivae nini?

Nguo ya kuogelea iishie ufukweni. Mjini Pangani na vijijini, wanawake wafunike mabega na magoti, wanaume wasitembee kifua wazi. Kanga mbili mkobani humaliza tatizo.

Kuna nini kingine kwa asiyependa maji wala kupanda?

Pangani ni mji wa historia nzito. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa hapa Desemba 1889, na majengo ya enzi za watumwa, Waarabu na Wajerumani bado yapo, mengine yakibomoka mbele ya macho yako. Njiani kutoka Tanga pana magofu ya Tongoni na makaburi yake ya nguzo. Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal na Wajerumani, ina soko zuri na nyumba za zamani, lakini masaa mawili yanaimaliza.

## Hali za pekee

Nataka vyote viwili kwa safari moja. Nianze wapi?

Milima kwanza, pwani baadaye, kwa siku 7 na kuendelea. Miguu iliyochoka hupumzikia ufukweni, nguo mbichi hukauka, na kutoka Pangani kurudi Tanga na Dar ni rahisi kuliko kuianza siku ya mwisho kwa kona za Soni. Sababu moja tu ya kugeuza ni tarehe za maji: kama bamvua unayoitaka inaangukia mwanzo wa likizo, anza pwani. Lushoto hadi Tanga ni kilomita kama 160. Ondoka alfajiri, ulale Pangani siku hiyohiyo.

Mwenye siku nne tu asijaribu. Afikirie Amani, msitu wa hifadhi wa Usambara Mashariki unaopandiwa kutoka Muheza: ni milima yenye kijani na bustani ya mimea iliyoanzishwa 1902, na iko karibu zaidi na bahari. Ua la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima asili yake ni misitu hii.

Gari langu ni dogo, la chini. Litafika?

Mombo hadi Lushoto ni lami, litafika. Kushuka ndiko kwenye hatari: anayekanyaga breki kilomita zote 33 huzipasha moto mpaka zinapoteza nguvu. Weka gia ya pili, na kwa otomatiki weka 2 au L, ukiacha injini ishikilie gari. Ukisikia harufu ya kuungua, simama pembeni nusu saa. Usimwagie maji magurudumu. Kutoka Lushoto kwenda Mtae, gari dogo kiangazi tu, na kwa pole. Kwa fukwe za ng'ambo ya Pangani, muulize mwenyeji kuhusu mchanga na madimbwi, na kama unategemea kivuko, kumbuka kina saa zake. Ukichelewa utalala mjini.

Natoka Kenya. Njia ipi?

Kutoka Mombasa pwani ni karibu: Lungalunga, Horohoro, halafu kilomita kama 65 za lami hadi Tanga. Kutoka Nairobi milima ni karibu zaidi: Namanga au Taveta, Moshi, Same, Mombo. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, usitegemee kitambulisho peke yake, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano na bima ya gari inayovuka mpaka.

Desemba kumejaa. Kuna njia?

Desemba kuanzia shule zifungwe, Wasambaa, Wapare na Wachaga wanaofanya kazi Dar wote wanakwenda nyumbani kwa barabara moja. Kata tiketi wiki mbili kabla, au safiri Desemba 26, basi za kupanda zikiwa nusu tupu. Upande wa kurudi hugeuka: wiki ya kwanza ya Januari ndiyo yenye msongamano. Pangani hujaa Krismasi na mwaka mpya tu, na siku chache kabla ya hapo vyumba hupatikana.

Nimefika, upepo umechachamaa na boti hazitoki. Nifanye nini?

Usimshawishi nahodha kwa pesa. Hamisha siku: kusi hutulia kidogo asubuhi na mapema, kwa hiyo omba safari ya saa 12 alfajiri kesho yake. Siku ya leo panda boti ya mtoni badala ya baharini, kwani mto umekingwa na upepo, na jioni utaona ndege wakirudi kwenye mikoko. Malipo ya awali ya boti yasogezwe mbele, si kupotea. Hilo lidai kabla ya kulipa, na liandikwe kwenye ujumbe wa simu.